Kwa mnaoanza kazi ya kuvusha wageni mipakani

Wadogo zangu mlioingia mwaka huu kwenye ofisi za utalii hapa Mwanza, kabla hujampangia mgeni ratiba, na kabla hujapokea hata shilingi ya kianzio, omba picha ya pasipoti yake. Kisha muulize: unatoka nchi gani, na ukitoka kwetu unakwenda wapi? Safari nyingi zinazokwama mpakani zilianza kukwama siku ambayo maswali hayo hayakuulizwa.

Chukueni Serengeti. Hifadhi hii na Maasai Mara ni nyika moja, na nyumbu wanavuka bila kuulizwa na mtu. Mgeni akifungua ramani kwenye simu anaona Kogatende, kaskazini mwa Serengeti, na Kenya zimepakana, basi anataka asubuhi awe kule, mchana awe huku. Hapo katikati kuna lango la Bologonja. Watalii hawapiti hapo tangu 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani ilipovunjika na mpaka wetu na Kenya ukafungwa. Mpaka ulifunguliwa tena mwaka 1983, lakini Bologonja haikurudi kuwa njia ya watalii. Kwa hiyo anayetoka Mara anazunguka: Isebania upande wa Kenya, Sirari upande wetu, Tarime, ndipo aingie Serengeti. Na gari lililomleta linaishia mpakani, kwa sababu magari ya utalii ya Kenya hayaingii hifadhini kwetu, na ya kwetu hayaingii kwao. Mwambie yote haya mapema, asije akadhani unamzungusha ili umpige. Mwenye uwezo anaruka kwa ndege hadi Migori, Kenya, anavuka mpaka kwa gari, kisha anapanda ndege nyingine Tarime.

Jambo la pili ndilo linalowaumiza wageni mfukoni. Kuna viza ya pamoja ya watalii ya Afrika Mashariki, dola 100, siku 90. Jina lake linawadanganya wengi. Inahusu Kenya, Uganda na Rwanda tu, Tanzania haimo. Mgeni aliyeingia Kenya kwa viza hiyo akashuka Sirari lazima awe na viza yetu, ambayo ya kawaida ni dola 50, na kwa raia wa Marekani dola 100. Baya zaidi, akishatoka nje ya zile nchi tatu, ile ya pamoja imekwisha kazi. Akimaliza Serengeti akapitia Bukoba hadi mpaka wa Mutukula ili akaone sokwe Uganda, atalipia viza upya. Mara nyingi dawa ni kupindua ratiba tu: amalize nchi hizo tatu kwanza, aje kwetu mwishoni. Hilo ni kazi yako wewe, usimwachie ofisa wa Uhamiaji alieleze dirishani.

Viza yetu iombwe mtandaoni mapema. Kuna mataifa ambayo maombi yao hayapiti bila kibali cha Kamishna Jenerali wa Uhamiaji, na hayo usiyape ahadi ya tarehe.

Kadi ya homa ya manjano iwe ndani ya pasipoti, isizame chini ya begi. Anayetoka Kenya au Uganda anaulizwa, na chanjo inatambuliwa baada ya siku 10. Kadi ya zamani isiwatie hofu: tangu Julai 2016, chanjo moja inahesabika kwa maisha yote.

Sikilizeni pia mgeni anakuja kufanya nini. Anayesema atajitolea shuleni, au atachukua sampuli za samaki Ukerewe, huyo si mtalii, hata kama ni mpole na atakaa siku chache. Mtafiti anahitaji kibali cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, halafu anaripoti mkoani na wilayani kabla ya kufika kijijini. Msimpitishe kwa viza ya matembezi kwa kumwonea huruma. Akikamatwa, anayeumia ni yeye.

Mkifika mpakani, shukeni naye. Kwenye vituo vya huduma ya pamoja kama Mutukula, na Rusumo kwenye mpaka wa Rwanda, mhuri wa kutoka na wa kuingia hugongwa upande wa nchi anayoingia, na mgeni asiyejua anaweza kuhangaika kutafuta dirisha upande wa kwanza. Akirudishiwa pasipoti, ifungueni palepale dirishani. Someni tarehe, someni idadi ya siku alizopewa, hakikisheni mhuri unasomeka. Kosa likionekana hapo, ofisa analirekebisha. Likionekana mmeshafika Bunda, ni kugeuza gari.