Kiti si hoja, hoja ni saa

Mwanangu,

Sisi huku wazima. Umeniuliza ukija na wajukuu zangu kutazama Simba na Yanga kwa Mkapa, ukate tiketi ya mzunguko, yaani viti vya kawaida, au ya VIP. Kiti si hoja. Uwanja ule unachukua watu 60,000, na ukikaa mzunguko mpira unauona vizuri tu. Hoja ni saa ya kuingia na saa ya kutoka.

Mechi ikiwa saa 11 jioni, saa 8 muwe mmeshafika. Getini kila mtu anagusisha N-Card yake, ile kadi ya kielektroniki inayobeba tiketi, kwenye mashine, mmoja mmoja, kisha anapekuliwa. Saa 10 maelfu wakitua kwa pamoja, foleni inageuka msukumano, na kichwa cha mtoto wa miaka sita kiko usawa wa viwiko vya watu. Tiketi nunua kwa simu siku mbili kabla, uhakikishe imeingia kwenye kadi.

Mkiwahi, waonyeshe Shamba la Bibi, uwanja wa zamani hapo jirani. Wao wanaujua huu uliofunguliwa 2007, tuliojengewa na Wachina, ukapewa jina la Mkapa 2020. Ule wa zamani, jina lake rasmi Uhuru, ndipo bendera yetu ilipopandishwa Desemba 1961. Wausogelee, waguse ukuta.

Na msitoke mapema. Mpira hauishi mpaka refa apulize. Tarehe 20 Oktoba 2013 Yanga walikwenda mapumziko wakiongoza 3-0: Ngassa moja, Kiiza mawili. Baba yako mdogo, Simba wa damu, akainuka, akaenda zake kupanda daladala. Mombeki wa Simba akarudisha moja, Owino la pili, Kaze la tatu. Tatu kwa tatu! Yeye makelele aliyasikia akiwa kituoni. Mpaka leo ukimtajia Kaze anabadilisha mazungumzo, nami inaniuma kwa niaba yake, maana tiketi alikuwa nayo mfukoni. Nasema tena: mpaka refa apulize.

Kuhusu watoto wenyewe, ningesema waanze na mechi ndogo, uwanja ukiwa na nafasi. Lakini tena, mechi ndogo itawaonyesha nini? Kelele za watani ndizo uwanja wenyewe. Hapana, yule mdogo bado... Basi, nyie ndio wazazi, amueni. Mkija naye, akae katikati yangu na yako, na baada ya filimbi tubaki vitini nusu saa mpaka ngazi zipungue watu.

Baba yako