Bei ya pikipiki mpya wakati biashara imedorora

Ndugu yangu, umeuliza kama wenye maduka hapa Tanga watashusha bei ya pikipiki mpya ya bodaboda aina ya Boxer kwa kuwa hali ni ngumu. Watashusha, ila usianze na "nipunguzie". Uliza kwanza bei mpaka inaingia barabarani: usajili, kadi yenye jina lako, bima, kofia ngumu. Hapo ndipo wengi wanaumizwa, maana unapunguziwa huku, unaongezewa kule.

Halafu tafuta iliyokaa dukani. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu 4. 2324 maana yake tairi limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2024. Kama pikipiki imelala dukani muda mrefu, hela ya mwenye duka nayo imelala, na betri huenda imechoka. Mwonyeshe kwa upole. Akigoma kushusha, omba betri mpya na sevisi ya kwanza bure. Hilo hukubalika upesi kuliko kukata laki.

Zunguka Ngamiani maduka matatu kabla hujatoa hata shilingi. Nenda na fundi wako.

Mkataba wa kuchukua pikipiki na kuilipa kila siku mpaka iwe yako, tafadhali, uogope kipindi hiki abiria wachache. Mimi hesabu ya kila siku ilinishinda, chombo kikachukuliwa nikiwa nimebakiza miezi miwili. Bado inaniuma.