Kabla Hujatuma Pesa, Ulizia Njia ya Kurudisha

Jiko lile lilifika kwangu Manyatta jioni, juu ya mkokoteni, na majirani wakatoka kulitazama. Jiko la kusimama, sehemu tatu za gesi na moja ya stima, oveni chini, limetunzwa hadi linang'aa. Nililinunua kwa shilingi 18,000 kutoka kwa mama mmoja wa Milimani, hapa Kisumu, aliyelitangaza mtandaoni kwa sababu alikuwa anahama. Mimi huoka keki za harusi na za siku ya kuzaliwa, na kwa miaka miwili nilikuwa nikiazima oveni ya rafiki. Usiku huo nikafunga mtungi, nikawasha, sehemu zote tatu zikashika moto. Nikafungua oveni nitafute pa kuwashia. Hapakuwa na pa kuwashia. Oveni ilikuwa ya stima.

Anayeoka kwa biashara ataelewa kwa nini nilikaa chini. Oveni ya kilowati 2 ikiwaka saa nzima bila kujizima inakula yuniti 2 za tokeni, na keki za harusi si za saa moja. Tena mtaani kwetu stima hupotea bila taarifa, na keki ikikatikiwa na moto katikati haiinuki tena.

Nikarudi kwenye ujumbe wetu kumtafutia mama yule kosa. Sikulipata. Nilikuwa nimemuuliza, "Oveni inafanya kazi?" Akajibu, "Vizuri sana." Na kweli ilikuwa inafanya kazi. Nilipompigia asubuhi hakukasirika. Alisema, "Mwanangu, hizo pesa nimeshalipia lori la kuhama. Ungeniuliza ningekwambia." Sikuwa na la kumjibu.

Hapo ndipo nilipoanza kutenganisha mambo ambayo wengi wetu tunayachanganya tukisema "nataka kurudisha". Kuna kitu kilicho tofauti na alivyokieleza muuzaji. Kuna kitu kibovu. Na kuna kitu kizima kabisa, kama alivyosema, ila hakikufai wewe. Kwa hiki cha mwisho, mtu binafsi aliyekuuzia kilichokuwa nyumbani kwake hana deni lako, isipokuwa kama mlikubaliana mapema kwamba unaweza kukirudisha. Duka kubwa linaweza kukubadilishia ili usilihame. Mama anayehama hana sababu hiyo.

Sheria nayo inaegemea hapo hapo. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 31 ya sheria za Kenya, inasema kitu kikiuzwa kwa maelezo lazima kilingane na maelezo hayo. Lakini sharti la ubora linamfunga zaidi yule ambaye kuuza bidhaa za aina hiyo ndiyo kazi yake. Sheria ya kulinda watumiaji ya mwaka 2012 vilevile inawalenga wafanyabiashara. Kwa hiyo ukinunua kwa jirani asiye mfanyabiashara, silaha yako kubwa ni maneno aliyoyaandika mwenyewe. Asipoandika kitu, umebaki na mikono mitupu.

Miezi michache baadaye somo hilo liliniokoa. Nilipata mashine ya kukorogea unga kwa kijana wa Mamboleo, ambaye ndugu yake aliileta kutoka Marekani. Safari hii niliuliza kwa maandishi: "Inatumia stima yetu ya kawaida, bila transfoma?" Akaandika, "Ndiyo, unachomeka tu." Nikaongeza: "Ikiwa si hivyo, nitakurudishia kesho na unirudishie pesa zote. Sawa?" Akajibu, "Sawa dada." Nilipofika nyumbani, kabla ya kuchomeka, nikaigeuza nikasoma kibandiko cha chini: volti 120, hezi 60. Stima yetu ni volti 240. Ningechomeka, mota ingeungua, na hapo angeweza kusema nimemharibia mashine yake.

Nikapiga picha kibandiko, nikamtumia pamoja na ujumbe wake mwenyewe, nikamwandikia: "Kaka, najua hukukusudia. Naileta saa nne asubuhi." Sikumwita mwizi, maana kwa kweli naye hakuwahi kukisoma kile kibandiko. Tulikutana mbele ya benki mjini. Akaikagua, nikasubiri ujumbe wa M-Pesa uingie kwenye simu yangu na nikaangalia salio, ndipo nikamkabidhi. Nauli yangu nililipa mwenyewe, sikuidai. Shilingi mia mbili haifai kuharibu makubaliano yanayokwenda vizuri.

Hiyo ya kukabidhiana papo kwa papo naisisitiza sana, hasa muuzaji akiwa mji mwingine. Usikubali kuweka kitu kwenye ofisi ya mizigo ya matatu kwenda Nakuru au Kakamega huku ukiambiwa pesa zitatumwa mzigo ukifika. Ukiwa na jamaa au rafiki huko, mtumie yeye, naye aende kukabidhi na kupokea. Na ikiwa muuzaji ameshatumia pesa zako, afadhali mwandikiane kwamba atalipa 1,000 kila Jumamosi kwa M-Pesa, ili kila malipo yaache alama.

Siandiki haya kama mtu ambaye hajapoteza. Ndugu yangu mdogo alihitaji simu, nami nikamnunulia moja kutoka kwa muuzaji wa Nakuru, 7,500, nikatuma pesa zote, simu ikaja kwa matatu. Ilifanya kazi wiki tatu. Asubuhi moja ikajifunga yenyewe na kuandika kwenye kioo kwamba malipo ya mkopo hayajakamilika. Kumbe ilichukuliwa kwa mkopo ule wa kulipa kidogo kidogo kila siku, na aliyeniuzia alikuwa ameacha kulipa. Nambari yake: mteja hapatikani. Nilikwenda polisi, nikapewa nambari ya OB (kitabu cha matukio cha polisi), na hadi leo pesa sijaziona. Kilichoniuma zaidi ni kumwona kijana ameshika simu isiyowaka, akiniambia, "Dada, usijali."

Kwa hiyo simu iliyokwisha kutumiwa na mtu siichukui tena bila boksi na risiti. Nabonyeza *#06# nione kama nambari ya IMEI, yaani ile ya kuitambulisha simu, inalingana na ya kwenye boksi. Ikiwa ilinunuliwa kwa mkopo, anionyeshe uthibitisho kwamba amemaliza kulipa. Na aondoe akaunti zake zote mbele yangu.

Wengi huniuliza kuhusu kutuma ule ujumbe wa M-Pesa kwa 456 ili pesa zirudi. Huduma ile ni ya pesa zilizopotea njia, umekosea nambari. Haikuwekwa kwa ajili ya mtu aliyenunua kisha akajuta. Kuna wanaochukua kitu, wakifika nyumbani wanadai walikosea nambari. Huo ni wizi, na muuzaji mwaminifu akishafanyiwa hivyo mara moja hatamwamini mnunuzi mwingine.

Aliyekudanganya kwa maandishi na unajua anakopatikana, unaweza kumpeleka Mahakama ya Madai Madogo. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, hulazimiki kuwa na wakili, na kesi inatakiwa kuamuliwa ndani ya siku 60. Nenda na ujumbe wenu, tangazo lenyewe kabla hajalifuta, na ujumbe wa malipo. Vipige picha siku ile ile ya kununua, maana matangazo hutoweka.

Lile jiko mwishowe niliamua kuliuza. Mstari wa kwanza wa tangazo langu ulisema: "Oveni ni ya stima, si ya gesi." Wiki mbili hakuna aliyepiga. Kisha akapiga mwalimu wa Maseno, akaja Jumapili, nikamchemshia chai juu ya sehemu zote tatu, nikawasha oveni akaweka mkono asikie joto. Alilipa 16,500. Nikamwandikia kwamba ana siku tatu za kulirudisha, kwa nauli yake, likiwa vile vile. Siku ya pili simu ikalia, ikawa ni yeye, nikaanza kuhesabu pesa nilizobaki nazo. Alitaka kujua keki ya ndizi huiva kwa dakika ngapi.