Maswali na majibu: Kompyuta ya Windows kama seva ya mafaili nyumbani

Nina kompyuta ya mezani ya zamani yenye Windows 10. Je, inafaa kuhifadhi picha za familia nzima, au ni lazima ninunue seva, yaani kompyuta maalumu ya kuhudumia vifaa vingine?

Inafaa. Windows ya kawaida huruhusu vifaa 20 kuunganishwa kwa wakati mmoja, idadi ambayo nyumba nyingi haziifikii hata wageni wa Idi wakijaa sebuleni. Tatizo ni kwamba Microsoft ilihitimisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Ikiwa mashine yako inakidhi masharti ya Windows 11, ipandishe kabla ya kuikabidhi kumbukumbu za ukoo.

Nimeshirikisha folda na mke wangu anaiona kwenye kompyuta yake mpakato, lakini kila akiingiza namba ya siri ninayofungulia mashine anakataliwa. Nimekosea wapi?

Hili ndilo swali ninaloletewa kuliko yote. Namba fupi ya siri hufanya kazi kwenye mashine ilikowekwa tu, haisafiri kwenye mtandao. Anayeingia kutoka kifaa kingine hudaiwa jina la akaunti na nenosiri lake kamili. Usimpe la kwako. Fungua kwenye kompyuta hiyo akaunti ya pili, ya humo humo, isiyofungamana na barua pepe, uipe jina fupi kama «nyumbani» na nenosiri refu, kisha uiruhusu kuifikia folda husika. Kumbuka kwamba ruhusa zina tabaka mbili, ile ya kushirikisha folda na ile ya diski yenyewe, na kati ya hizo iliyo kali zaidi ndiyo inayoshinda: ukiruhusu kuandika upande mmoja na kusoma tu upande wa pili, mkeo ataona picha lakini hataweza kuongeza hata moja.

Nikihamisha video za GB 10 kwa Wi-Fi ya nyumbani, bando litakatwa?

Halitakatwa, kwa sababu mafaili hutoka kifaa kimoja hadi kingine kupitia ruta bila kutoka nje ya nyumba. Hata siku bando limekwisha, seva yako itafunguka. Ukiweza, iunganishe seva na ruta kwa waya. Kwa tundu la waya wa mtandao la megabiti 100 kwa sekunde video hizo zitachukua takriban robo saa, na kwa lile la megabiti 1,000 dakika moja na nusu hivi, iwapo diski nayo haichelewi.

Umeme je?

Kompyuta ya mezani inayotumia wati 50 mchana na usiku hula uniti 36 kwa siku 30. Mimi ningechagua kompyuta mpakato ya zamani: hutumia umeme kidogo zaidi, na betri yake huishikilia umeme unapokatika ghafla, wakati ambapo faili linaloandikwa huweza kuharibika. Iamuru isilale hata ikifunikwa.

Nimeweka diski mbili zinazoandikwa sawasawa. Bado nahitaji nakala rudufu?

Ndiyo. Diski pacha hukukinga na kufa kwa diski moja, si na mkono wa mtoto: akifuta folda ya harusi, imefutika kote kuwili papo hapo. Nunua diski ya nje, nakili kila mwisho wa wiki, ichomoe, uiweke kwa ndugu.

Naweza kuyafungua mafaili nikiwa kazini?

Unaweza, lakini usifungue mlango namba 445, yaani njia ambayo Windows hupitishia mafaili yaliyoshirikishwa, kwenye ruta kuelekea intaneti, hata kama kuna mafunzo ya video yanayokushauri hivyo. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilisambaa duniani kupitia kasoro ya toleo la kwanza la itifaki (kanuni za mawasiliano ya kompyuta) ya SMB, hiyo hiyo familia ya itifaki ambayo Windows hutumia kushirikisha mafaili. Njia salama ni VPN, yaani muunganisho wa faragha uliofichwa kwa siri, inayokuingiza kwanza katika mtandao wa nyumbani. Ruta kadhaa za sasa zinayo ndani yake, kwa hiyo itafute humo kabla ya kulipia ya nje.