Maswali yenu kuhusu maji ya Jangwani

Barua za safari hii karibu zote zinahusu Mradi wa Bonde la Msimbazi, ule unaogharimiwa na Benki ya Dunia, Hispania na Uholanzi ili Jangwani, eneo la bondeni jijini Dar es Salaam, isizame kila masika. Nimezifupisha.

Kwa nini wasichimbe tu mto uwe na kina, tukamaliza? (Kigogo)

Unachimbwa, ndugu yangu, na unajaa tena. Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu na Kisarawe, unashuka kilomita zipatazo 35 hadi baharini, kwenye Daraja la Selander. Huko juu miti inakatwa, watu wanajenga kwenye miteremko, wengine wanachota mchanga kingoni. Mvua ikinyesha, udongo wote huo unasombwa. Jangwani ardhi ni tambarare, basi maji yanapunguza mwendo na kuutua mzigo palepale. Halafu kuna bahari: wakati wa bamvua, maji ya bahari yanapojaa kupita kawaida, mto hauna pa kumwagia, na mvua kubwa ikiangukia saa hiyo, Barabara ya Morogoro inafungwa. Mwaka 2018 hata mabasi ya mwendokasi yaliyokuwa yakilala pale yaliharibiwa na maji.

Ndiyo maana mpango unagusa mengi kwa pamoja: kupanua mto, kunyanyua kingo kwa udongo unaochimbwa humohumo, daraja jipya Jangwani, kuhamisha karakana ya mabasi, bustani kubwa ambayo maji yataruhusiwa kuifunika, na kuzuia mmomonyoko kule juu. Ninachohofia ni hilo la mwisho kusahauliwa, maana halina utepe wa kukata.

Hizo fedha ni msaada au deni? (Temeke)

Jumla ni dola milioni 260. Milioni 200 ni mkopo wa masharti nafuu wa Benki ya Dunia, ulioidhinishwa 2022. 30 ni mkopo wa Hispania. 30 za Uholanzi ndizo ruzuku. Kwa hiyo sehemu kubwa tutailipa wenyewe. Ukipita ukakuta kazi imelala, uliza, tena kwa sauti.

Kaka yangu amehamishwa bondeni. Hao Waholanzi wanatushauri nini, wao waliwahi kubomolewa? (Magomeni)

Waliwahi. Mwaka 1995 mito yao ilifura hadi watu wapatao 250,000 wakaondolewa majumbani. Baadaye wakaona kuinua matuta peke yake hakutoshi, mto lazima upewe nafasi. Pale Nijmegen tuta lilirudishwa nyuma mita 350, ukachimbwa mkondo wa pili, na nyumba zipatazo 50 zikaondoka. Wenye nyumba walipinga, vikao vikawa virefu.

Ila hawakuwa na shida yetu ya watu wengi kuishi bondeni bila hati, ambapo fidia inageuka ugomvi kuanzia siku ya kwanza. Kwa maoni yangu, kabla ya mchoro wa mainjinia wao tungewaomba watuonyeshe walivyokaa na mwenye nyumba kabla tingatinga halijafika.

Na sisi tuna cha kuwafundisha wageni? (mwanafunzi, Mwenge)

Tunacho: Ramani Huria. Kuanzia 2015 wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Dar es Salaam walipita kata kwa kata wakiwa na wakazi, wakichora mitaro, vichochoro na nyumba kwenye OpenStreetMap, ramani iliyo wazi kwa yeyote. Mkazi akiulizwa maji yalifika wapi, anaonyesha: hapa yalikuwa magotini, pale kiunoni. Hilo setilaiti hailioni. Kitu cha kuuza nje hicho, nasi tunakitaja kwa nadra.

Najenga Kinyerezi. Nifanye nini mimi mdogo? (fundi)

Kifusi usikimwage korongoni. Ua usiusakafie wote. Na weka gata: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo paa la mita za mraba 100 likipata mvua ya milimita 20, umejaza simtanki la lita 2,000. Bomba la ziada lielekeze kwenye migomba yako, sio kwa jirani wa chini.