Maswali Yenu: Serikali Inadaiwa Nini na Mwomba Hifadhi?

Shikamoo Mama. Mimi ni fundi cherehani, nina watoto watatu. Wa kati anasoma darasa lililojaa watoto mpaka mlangoni, na kila tukiuliza tunajibiwa kwamba serikali haina fedha. Halafu nasikia watu waliokimbia kwao wanapewa pa kulala na matibabu. Sina roho mbaya, ila naumia. Serikali ina deni gani kwa mtu asiye raia, wala halipi kodi? Na mkisema haki ya kijamii, haki yangu mimi iko wapi?
Fundi (jina limehifadhiwa)

Marahaba, mwanangu. Sitakwambia unyamaze. Darasa lililojaa mpaka mlangoni ni dhuluma, na una kila sababu ya kuudhika. Lakini umeuliza kuhusu deni, na hapo nina la kusema, kwa sababu kwa miaka 11 nilikuwa mkalimani katika mahojiano ya waomba hifadhi, yaani watu waliokimbia kwao na wanaoomba wakubaliwe kuwa wakimbizi. Upande mmoja wa meza alikaa ofisa na faili lake, upande wa pili mtu na masaibu yake, na mimi katikati nikipokea maneno na kuyavusha.

Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu la 1948, katika kifungu cha 14, linasema kila mtu ana haki ya kutafuta hifadhi katika nchi nyingine anapokimbia mateso. Kisha ukaja Mkataba wa 1951 kuhusu Hali ya Wakimbizi, na huo unazibana serikali zilizouridhia. Hauamuru kila apigaye hodi afunguliwe. Kifungu cha 33 kinakataza kumrudisha mkimbizi mahali ambapo uhai au uhuru wake utakuwa hatarini kwa sababu ya rangi yake, dini, utaifa, kundi la kijamii alilomo au maoni yake ya kisiasa. Sasa utajuaje kama yuko hatarini kabla hujamsikiliza? Ndiyo maana mimi husema deni la kwanza ni masikio. Makazi na matibabu unayoyasikia ni ya kumwezesha mtu kuishi huku akisubiri kusikilizwa.

Nikupe mfano ambao haujanitoka moyoni. Kijana mmoja aliulizwa kaka yake alichukuliwa na wenye silaha tarehe ngapi. Akajibu, "Ilikuwa wiki ile mtoto wa dada yangu alipoanza kutembea." Ofisa akaandika: hakumbuki tarehe. Mkalimani haruhusiwi kuongeza neno lake, nami sikuongeza. Alipoitwa mara ya pili akabanwa ataje siku na mwezi. Kwa hofu akakisia. Tarehe aliyoikisia haikulingana na mambo mengine katika maelezo yake, na maombi yake yakakataliwa kwa maelezo kwamba hasemi kweli.

Kwenye rufaa alimkuta ofisa mwingine, mama mtu mzima, mpole. Huyo aliuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameliuliza: mtoto huyo alizaliwa lini? Dada mtu alikuwa na kadi ya kliniki. Wakahesabu kutoka siku ya kuzaliwa mpaka umri wa kuanza kutembea, wakaupata mwezi, na ukalingana na kila alichokisema siku ya kwanza. Akapewa hifadhi. Siku ile tulichelewa kutoka kwa saa moja hivi tu. Wakati huo kijana alikuwa ameshasubiri karibu miaka mitatu.

Miaka hiyo mitatu ndiyo nataka uitazame, fundi. Alikuwa seremala, na hakuruhusiwa kufanya kazi mpaka uamuzi utoke. Alikuwa akikaa kitandani akiangalia mikono yake. Kwa hiyo unaposema halipi kodi, ni kweli hakuilipa, kwa kuwa alizuiwa kuichuma. Mkataba wenyewe una kifungu kinachohusu kodi, cha 29, kinachosema mkimbizi asitozwe zaidi ya raia aliye katika hali kama yake. Walioandika hivyo walitegemea kwamba atafanya kazi na kulipa kama wewe. Fedha unayoiona inapotea kwake, sehemu kubwa hupotelea kwenye faili linalolala kabatini.

Haki yako iko wapi? Kifungu cha 22 cha mkataba huo huo wa 1951 kinasema watoto wa wakimbizi wapate elimu ya msingi sawa na watoto wa raia. Sawa, si zaidi. Maana yake mtoto wake ataingia katika darasa lile lile la mwanao na kusongamana naye pale pale mlangoni. Mwanao hatapata nafasi kwa kumtoa yule. Nafasi itapatikana kwa kujenga darasa, na hilo ni swali la bajeti ambalo wewe, mwenye kura, unaweza kuliuliza kwa sauti, ilhali yeye hawezi.

Najua mtaniuliza: mbona mzigo huu unatuangukia sisi tusio na kitu? Malalamiko hayo ni ya haki. Zaidi ya theluthi mbili ya wakimbizi duniani wanaishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati, hasa kwa majirani wa nchi walizozikimbia. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1969 uliliona hilo mapema. Kifungu chake cha pili kinaruhusu nchi iliyoelemewa kuziomba nchi nyingine wanachama zisaidie kubeba. Kwa hiyo waulize viongozi wako: mmeomba msaada? Mmepewa kiasi gani? Kimekwenda wapi? Hayo ni maswali yenye makali kuliko kumnung'unikia seremala aliyekatazwa kushika randa.

Mama, jirani yangu aliingia kwa njia za panya, hana pasi. Watu wanasema ni mhalifu na afungwe. Ameitwa kwenye mahojiano wiki ijayo, na hofu imemnyima usingizi. Nimshauri nini?
Jirani mwema

Mwanangu, kwanza hilo la pasi. Anayekimbia serikali yake ataiombaje pasi? Kifungu cha 31 cha Mkataba wa 1951 kinakataza kumwadhibu mkimbizi kwa kuingia bila kibali, mradi ametoka moja kwa moja mahali pa hatari, amejitokeza kwa wahusika bila kuchelewa na ana sababu ya maana. Kama hajajitokeza, ajitokeze. Kuna wasiostahili hifadhi, kwa mfano waliotenda uhalifu wa kivita, na mkataba umewataja. Kukosa karatasi hakumo humo. Hata wenye karatasi hufukuzwa: mwaka 1939 meli ya St. Louis ilibeba abiria 937, karibu wote Wayahudi waliokimbia Ujerumani, wengi wakiwa na vibali vya kuteremka Kuba. Kuba ikavikana, Marekani na Kanada zikawakatalia, meli ikarudi Ulaya. Abiria 254 kati yao waliuawa katika mauaji ya Wayahudi yaliyofuata.

Kuhusu mahojiano, mwambie haya kutoka kwangu. Aombe mkalimani wa lugha anayoiota, hata kama ile nyingine anaielewa. Akiwa ni mwanamke na yaliyomkuta hawezi kuyasema mbele ya wanaume, aombe mapema ahojiwe na mwanamke. Tarehe asiyoijua asiikisie. Aseme tukio lililokaribiana nalo, msiba, harusi, mtoto kuota jino, na asisitize liandikwe kama alivyolisema. Akikataliwa, aulize siku hiyo hiyo mwisho wa kukata rufaa ni lini, maana siku huwa chache.

Na kabla ya kutia sahihi, asomewe maelezo yake yote kwa lugha yake, neno kwa neno. Mwambie asione haya kumsimamisha ofisa, au mkalimani, na kusema: hapa sikusema hivyo.