Hilo ni jambia, si sime

Kaka, hicho ulichonunua Ujiji kama kumbukumbu ya safari si "sime ya Kinyamwezi". Ni jambia la Kiomani, yaani kisu kilichopinda kinachovaliwa kwenye mkanda kiunoni. Angalia ala yake kwenye picha yako: imepinda karibu kama herufi L, na ina pete za fedha za kufungia mkanda. Sime imenyooka, bapa lake hupanuka kuelekea nchani, na ala yake ni ya ngozi. Ukitaka kulinganisha, tazama bendera ya Oman, kona ya juu kushoto: jambia hilohilo, juu ya panga mbili zilizopishana.

Kulikuta Ujiji si ajabu hata kidogo. Waarabu wa Oman na Zanzibar walikuwa wamejenga hapa na Tabora kabla Stanley, yule mvumbuzi aliyekuja kumtafuta Livingstone, hajafika 1871. Babu yangu mzaa mama alikuwa nalo, akilivaa Idi tu.

Ila umbo peke yake halithibitishi umri, maana Oman wanayatengeneza hadi leo. Na tafadhali sana, usilisugue kwa msasa! Ukikwangua nakshi za fedha hazirudi tena. Kitambaa laini kikavu kinatosha.